Saikolojia ya kumbukumbu kwa vitendo: jipime mwenyewe kwa siku nane

Mwaka wa kwanza chuoni nilipata sapu, yaani mtihani wa kurudia baada ya kufeli, ya utangulizi wa saikolojia, na swali lililoniangusha lilikuwa la kumbukumbu. Ukurasa wenye jibu nilikuwa nauona kabisa: uko upande wa kushoto, kichwa cha habari kimepigiwa mstari mwekundu, chini kuna doa la chai niliyoimwaga wiki iliyopita. Maneno yenyewe, hola. Na si kwamba sikusoma. Nilipiga msuli siku tatu, madesa yale niliyapitia mara nne au tano, na kila nikiyarudia nilijiambia, "Hii naijua."

Nilipokuwa najiandaa na sapu ndipo nikagundua kuwa mada iliyoniangusha ndiyo hiyohiyo inayoeleza kwa nini nilianguka. Tangu hapo, mtu akiniomba nimwanzishe saikolojia, namwanzishia kwenye kumbukumbu, na maelezo simpi kwanza. Nampa kalamu ajipime. Majaribio ya kale ya eneo hili yana bahati moja: mengi hayataki maabara.

Unahitaji daftari, kalamu, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na mtu mmoja wa kukusaidia. Mdogo wako wa darasa la tano anatosha, tena atafurahi kukuona ukikosea. Zoezi zima linachukua siku nane, siku nyingi zikiwa na kazi ya chini ya nusu saa. Soma hatua zote kabla ya kuanza, kwa sababu hatua ya 4 na ya 5 zina kungoja na lazima zianze siku ya kwanza. Matokeo yaandike palepale, hata yakiwa ya aibu. Ukisema utayaandika jioni, tayari umeshafanya jaribio lingine la kumbukumbu bila kukusudia.

Hatua ya 1: Pima upana wa kumbukumbu ya muda mfupi

Msaidizi aandike mistari ya tarakimu zisizo na mpangilio: mstari wa tarakimu nne, wa tano, wa sita, hadi kumi, na kila urefu uwe na mistari miwili. Akusomee tarakimu moja kwa sekunde, sauti isipande wala isishuke, kisha wewe urudie kwa mfuatano uleule. Akizisoma kwa makundi, kama watu wanavyotajiana namba za simu, jaribio limeharibika. Ukikosa mistari yote miwili ya urefu mmoja, simama. Urefu uliotangulia ndio upana wako.

Watu wazima wengi huangukia kati ya tano na tisa. Ndiyo ile "saba, ongeza au punguza mbili" ambayo George Miller aliiandikia makala mwaka 1956, na ambayo karibu kila kitabu cha utangulizi kinainukuu. Vitabu vingi havifiki mbele ya hapo. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia ushahidi uliokuwa umekusanyika akaonyesha kuwa mtu akizuiwa kupanga vitu kwa makundi na kuvirudia moyoni, anabaki na vinne hivi.

Makundi hayo ndiyo kiini. Tazama safu hii: 196119631964. Tarakimu kumi na mbili, nje ya uwezo wa karibu kila mtu. Sasa isome kama Uhuru wa Tanganyika, Uhuru wa Kenya, Mapinduzi ya Zanzibar. Ni vitu vitatu tu, na bado nafasi inabaki. Nafasi ya kichwani haikuongezeka. Ulichofanya ni kutumia unachokijua tangu zamani kufunga mizigo midogo kuwa mikubwa. Ndiyo maana anayejua mengi kuhusu jambo hujifunza mapya ya jambo hilo upesi kuliko anayeanza.

Kabla hujafunga hatua hii, rudia jaribio kwa Kiingereza kama unakijua vizuri. Moja, mbili, tatu, sita, saba: tarakimu zetu karibu zote ni za silabi mbili na zaidi, za Kiingereza nyingi ni silabi moja. Mwaka 1975 Alan Baddeley na wenzake walionyesha kuwa maneno yanayotamkika haraka hukumbukwa vizuri kuliko yale marefu, kwa sababu sauti ya ndani inayoyarudia inawahi kuyazungukia yote kabla hayajafifia. Watafiti wengine walikuja kuona jambo hilohilo kule Wales, ambako tarakimu za Kiwelisi huchukua muda mrefu kutamka kuliko za Kiingereza. Kwa hiyo anayetaja namba ya simu kwa Kiingereza katikati ya mazungumzo ya Kiswahili huenda haringi.

Hatua ya 2: Zuia sauti ya ndani uone kinachobaki

Msaidizi akutajie konsonanti tatu, mfano K, R, F, na palepale akupe namba kama 487. Wewe anza kuhesabu kwa sauti ukirudi nyuma kwa kuondoa tatutatu: 487, 484, 481. Baada ya sekunde 3, au 9, au 18 (achanganye, usijue ni ipi), akusimamishe, nawe utaje zile herufi. Fanya angalau mara kumi na mbili, kila mara kwa herufi mpya.

Lloyd na Margaret Peterson walifanya hivi mwaka 1959 wakakuta kuwa baada ya sekunde 18 wahusika walipata chini ya mara moja katika kumi. Herufi tatu! Kinachozishikilia ni kule kuzirudia moyoni, na hesabu imekunyima nafasi hiyo.

Angalia vizuri jaribio lako la kwanza kabisa, maana huenda ulipata zote hata kwenye sekunde 18. Hujakosea. Mwaka 1962 Keppel na Underwood waligundua hilohilo: mzunguko wa kwanza karibu hauna kusahau, matatizo huanza herufi za nyuma zinapojichanganya na za sasa. Hapo una dhana mbili kwa mpigo. Moja ni kufifia: kitu kisiporudiwa hupotea. Ya pili ni muingiliano, na nadhani ndiyo yenye nguvu zaidi katika maisha ya kila siku. Badilisha namba ya siri ya simu yako. Wiki ya kwanza vidole vitaandika ile ya zamani. Hapo cha kale kinazuia kipya. Baada ya miezi minne mtu akuulize ile ya zamani, utajikuta huipati. Sasa kipya kimezuia cha kale. Wanafunzi huchanganya aina hizi mbili kila mwaka. Jiulize tu: *ni kipi ninachokitafuta nikakikosa?*

Hatua ya 3: Mfanyie msaidizi

Hili huwezi kujifanyia kwa sababu unaijua siri yake. Andika maneno ishirini kwenye vikaratasi: ndoo, karafuu, daraja, shangazi, msumari, na kadhalika. Yachanganye. Kwa kumi muulize msaidizi, "Neno hili lina herufi *a*?" Kwa kumi mengine muulize, "Ungekwama kisiwani peke yako, hiki kingekusaidia?" Usimwambie kuwa atayakumbuka baadaye. Mpe stori dakika tano, kisha mpe karatasi aandike maneno yote anayoyakumbuka.

Ya kisiwani yatashinda, kwa kawaida kwa mbali. Fergus Craik na Robert Lockhart walilipendekeza wazo hili mwaka 1972: kinachobaki hutegemea ulikichakata kwa kina gani, si ulikusudia kiasi gani kukikumbuka. Kukazia macho herufi hakumsaidii mtu kitu. Wanaonakili madesa neno kwa neno kwa mwandiko mzuri na kalamu tatu za rangi, hii inawahusu.

Hatua ya 4: Kipime kiwango cha kusahau kwako

Hapa ndipo pa kutulia, maana ndipo sayansi ya kumbukumbu ilipoanzia. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha mwaka 1885 kitabu cha majaribio ambayo mhusika wake alikuwa mtu mmoja tu, yeye mwenyewe. Alitunga silabi zaidi ya elfu mbili zisizo na maana, akazihifadhi kwa safu, akangoja, akapima kilichobaki. Alitaka vitu visivyo na maana ili yale anayoyajua tayari yasimbebe.

Tunga maneno kumi na mbili ya uongo yanayotamkika Kiswahili: *dochu, vagi, pemu, nyezo* na mengine ya aina hiyo. Lolote linalokukumbusha kitu, lifute. Nchi zetu zina lugha nyingi. Lisilo na maana kwako huenda ni jina la babu wa jirani yako, basi yeye alitupe na wewe ulibakize.

Siku ya kwanza washa saa. Soma safu nzima, funga, jaribu kuitaja, fungua usahihishe, rudia. Ukiweza kuitaja mara mbili mfululizo bila kosa, simamisha saa. Tuseme umetumia dakika 12. Usiiguse tena. Kesho yake saa ileile, jihifadhishe upya hadi kiwango kilekile. Tuseme mara hii umetumia dakika 8. Umeokoa dakika 4 kati ya 12, sawa na asilimia 33. Hiyo ndiyo hesabu ya Ebbinghaus: hakuuliza "unakumbuka mangapi?" bali "kujifunza upya kumekugharimu pungufu kiasi gani?" Uzuri wake ni kwamba hata safu unayodhani imefutika yote, muda uliookolewa unaonyesha kuwa kuna kitu kimebaki chini.

Yeye alipata takriban asilimia 58 baada ya dakika ishirini hivi, 44 baada ya saa moja, 34 baada ya siku, na 21 baada ya siku 31. Ukichora namba hizo, mstari unashuka kama mtu aliyeteleza ngazini, kisha unakaribia kulala. Kati ya saa ya kwanza na mwezi mzima kuna tofauti ndogo kuliko ile iliyopotea ndani ya saa yenyewe.

Usizibebe namba hizo kama sheria ya kila kitu. Ni za mtu mmoja na vitu visivyo na maana. Hadithi, shairi au sababu za jambo unaloelewa haviporomoki kwa kasi hiyo. Ila umbo la mstari, yaani haraka mwanzoni kisha polepole, limerudi mara nyingi, na mwaka 2015 Murre na Dros walirudia jaribio lenyewe wakapata mkunjo unaofanana na wa Ebbinghaus.

Hatua ya 5: Kusoma tena, au kufunga na kuandika?

Jaribio hili ndilo lingeniokoa na sapu. Tafuta makala mbili fupi zenye urefu na ugumu unaolingana, za mambo usiyoyajua. Siku ya kwanza, ya kwanza isome mara nne mfululizo. Ya pili isome mara moja tu, kisha igeuze na uandike kwenye karatasi tupu kila unachokikumbuka. Fanya hivyo mara tatu, kila mara kwa karatasi mpya, bila kuchungulia. Kabla hujaziweka, andika ubashiri wako: wiki ijayo nitakumbuka ipi zaidi? Siku ya nane andika unachokumbuka cha kila moja, uhesabu hoja.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walifanya hivi na wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, wakachapisha mwaka 2006. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki meza ikapinduka: waliosoma mara nne walibaki na 40, waliojipima walikuwa na 61. Na waliosoma mara nne ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Rudi kwenye ile "hii naijua" yangu. Ukirudia ukurasa, macho yanapita kwa wepesi, na wepesi huo unausikia kama ujuzi. Kumbe unachofanya ni kutambua: kitu kiko mbele yako na wewe unakubali kwamba mmeshakutana. Mtihani unataka kuvuta: karatasi ni tupu, kitu utoe mwenyewe. Ni kama sura ya mtu uliyekutana naye harusini: ukimwona stendi unamjua mara moja, lakini ukiulizwa umweleze pua yake, umekwama. Kutambua hakukufundishi kuvuta.

Wenye vyuo vya Kurani hapa Mwambao hawakungoja mwaka 2006. Mtoto hapewi aya mpya kabla ya kusikilizwa za jana, na anazisoma kwa moyo mbele ya mwalimu, msahafu umefungwa. Na aliyehifadhi juzuu nyingi anaendelea na muraja'a, yaani kuzirudia zile za zamani, la sivyo zinamponyoka.

Hatua ya 6: Angalia kumbukumbu inavyojitengeneza upya

Hii ni fupi. Simulia kisa cha ajabu kidogo kwa mtu mmoja, amsimulie wa pili, wa pili amsimulie wa tatu, umrekodi wa mwisho. Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1932, aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji asili wa Marekani. Walipoisimulia tena, mitumbwi ikageuka boti, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki. Kila mtu aliisogeza kuelekea kile anachokizoea.

Mfano wa pili wa Bartlett hausimuliwi sana na ndio ninaoupenda. Huko Uswazi, nchi inayoitwa sasa Eswatini, alikutana na mchungaji aliyetakiwa kueleza ng'ombe walionunuliwa zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Aliwataja mmoja mmoja, rangi na bei, akakosea vitu vidogo viwili. Waliokuwepo walidhani ni kipaji cha pekee. Bartlett alikataa: ng'ombe ndio uhai wa watu wale, na mtu hushika kinachogusa uhai wake. Umeona? Ni makundi ya hatua ya 1 na kina cha hatua ya 3 vikiwa malishoni.

Mahakamani jambo hili lina uzito. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, wakauliza kasi ilikuwa kiasi gani, wakibadilisha kitenzi tu. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, kama vile kusema magari "yalivaana", walikadiria wastani wa karibu maili 41 kwa saa. Kwa kitenzi laini, "yaligusana", karibu 32. Katika jaribio la pili, wiki moja baadaye, wanafunzi 16 kati ya 50 wa kitenzi kikali walisema waliona vioo vilivyovunjika, dhidi ya 7 kati ya 50 walioulizwa magari "yalipogongana". Kwenye filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja.

Hatua ya 7: Nyota kwenye kioo

Chora nyota yenye mistari miwili sambamba. Weka kioo mbele, ziba mkono wako kwa daftari ili uuone kiooni tu, kisha pitisha kalamu katikati ya mistari. Utachekesha. Rudia mara tano kila siku kwa siku tatu, uhesabu makosa.

Jaribio hili Brenda Milner alimpa Henry Molaison, ambaye hadi kifo chake mwaka 2008 vitabu vilimwita H.M. tu. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alifanyiwa upasuaji wa ubongo kwa ajili ya kifafa. Akaondolewa sehemu za ndani za pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachohusika na kuweka kumbukumbu mpya. Degedege zilipungua, ila hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Milner alilazimika kujitambulisha upya kila walipokutana. Hata hivyo tarakimu za hatua ya 1 alizirudia kama mtu mwingine yeyote, na nyota aliichora vizuri zaidi kila siku, huku akiapa kwamba hajawahi kuiona.

Mtu mmoja alitenganisha vitu vitatu ambavyo sisi tunaviita kwa neno moja: kushikilia kwa sekunde chache, kukumbuka matukio, na ujuzi wa mikono. Endel Tulving, mwaka 1972, alitenganisha kingine: kumbukumbu ya matukio na ile ya maana. Doa langu la chai lilikuwa tukio. Jibu la swali lilikuwa maana.

Hatua ya 8: Geuza matokeo kuwa ratiba

Kila dhana iandikie kadi: upande mmoja swali, upande wa pili jibu la sentensi moja au mbili. Andaa bahasha tatu. Ya kwanza inafunguliwa kila siku, ya pili kila siku ya tatu, ya tatu mara moja kwa wiki. Ukipata, kadi inasonga mbele. Ukikosa, inarudi bahasha ya kwanza hata kama ilishafika ya mwisho. Mpango wa namna hii mwandishi Sebastian Leitner aliueneza miaka ya 1970, na unashinda programu nyingi za simu kwa kuwa hauishiwi chaji.

Mapengo yarekebishe kwa tarehe ya mtihani. Utafiti wa Cepeda na wenzake wa mwaka 2008 uliona kuwa kwa mtihani wa wiki moja mbele, pengo la siku moja kati ya kusoma na kurudia lilifaa. Ukiwa zaidi ya miezi miwili mbele, pengo lilikaribia wiki tatu. Kukremu usiku wa kuamkia pepa kunafaa kwa pepa la asubuhi hiyo tu, na Ebbinghaus ameshakuonyesha kinachofuata.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara ni machache. Kadi yenye jibu la aya nzima haipimiki, ivunje. Kuigeuza kadi baada ya sekunde mbili ni kutambua kulekule, kwa hiyo andika jibu au litamke kwa sauti kabla ya kugeuza, hata kama unahisi huna kitu. Na kwenye diskasheni, mkataze yule rafiki mwema anayekuanzishia neno la kwanza kila ukikwama. Anyamaze hadi sekunde thelathini zipite, ndipo aseme.